Binti wa Soin na Shahada ya Uhandisi: Aende Mji Gani?



Swali la juma hili limetufikia kutoka mbali na bahari. Aliyeliandika ni mama mzaliwa wa Likoni, ambaye ndoa ilimchukua hadi Soin, kaunti ya Kericho, na mumewe ni dereva wa lori linaloteremsha chai kutoka Kericho hadi maghala ya Mombasa. Binti yao wa kwanza amemaliza kidato cha nne, amefanya vyema katika hisabati, fizikia na kemia, na nia yake ni kusomea uhandisi. Baba asema aende Eldoret kwa kuwa si mbali na nyumbani. Mama ataka aje Mombasa, waliko dada zake na inakosikika adhana kila mtaa. Binti mwenyewe moyo wake uko Nairobi au Juja. Nyumba imegawanyika pande tatu, na siku za kujaza machaguo ya vyuo zinakaribia. Mama auliza: "Sheikh, tumuelekeze wapi?"

Wasomaji wetu wa pwani wakisikia Kericho huiona akilini ile kijani iliyokatwa sawasawa kama zulia. Soin haiko huko juu. Iko chini ya vilima vya chai, nchi ya joto, ya miwa na mahindi, inayoshukia upande wa Muhoroni na bonde la mto Nyando. Nimeitaja hali ya mahali kwa sababu mtoto aliyekulia hapo haujui uhandisi kwa kuusoma vitabuni tu. Kwenye mto Nyando, mpakani mwa Kericho na Kisumu, ndipo ulipopangwa mradi wa bwawa la Koru-Soin, lililokusudiwa kuyazuia mafuriko yanayowasumbua watu wa nyanda za chini na kuwapatia maji. Upande wa pili, maji ya mto Sondu yamepitishwa ndani ya mlima kwa handaki la zaidi ya kilomita 6 ili yaendeshe mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, yenye uwezo wa megawati 60. Na huko juu kila kiwanda cha chai kina tanuri la kuchemsha maji, mashine za kukata majani na za kuyakausha, na mafundi wasiolala msimu wa mavuno.

Basi neno langu la kwanza kwa mama huyu ni kwamba barua yake imetaja miji minne, na uhandisi imeutaja mara kadhaa, lakini haikusema ni uhandisi gani. Bwawa ni kazi ya mhandisi wa ujenzi. Tanuri na mashine ya chai ni kazi ya mhandisi wa mitambo. Umeme wa Sondu una mhandisi wake. Hizi ni njia mbalimbali, na chuo kilicho hodari katika moja huenda kikawa hafifu katika nyingine. Muulizeni binti kwanza anataka kujenga nini au kuendesha nini. Asipojua, mpelekeni kwa siku moja kwenye kiwanda cha chai, baba hawezi kukosa mtu anayemfahamu huko, akaone kazi yenyewe. Akifika na aulize pia kuhusu mashine za kuchumia chai, zile ambazo mwezi wa Mei 2023 zilichomwa moto na watu wenye hasira katika mashamba ya Kericho, kwa kuwa waliona zinawanyang'anya wachumaji riziki yao. Mhandisi Muislamu atakuja kuulizwa na Mola wake juu ya mashine aliyoitengeneza na juu ya mkono ulioachishwa kazi. Ni bora swali hilo aanze kulibeba mapema.

Neno la pili ndilo zito zaidi, na wazazi wengi hulijua wakati karo ya miaka mitano imekwisha kulipwa. Nchini Kenya shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeiweka Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na bodi hiyo ndiyo inayowasajili. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 3 chini ya uangalizi, ndipo aweze kuomba daraja ya mhandisi kamili anayeweza kutia saini michoro. Na bodi huangalia kozi, haiangalii jina la chuo. Chuo kimoja chaweza kuwa na kozi ya umeme iliyotambuliwa, na kozi nyingine, jengo la pili yake, ikawa bado. Jambo hili si la kufikirika. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi, waliokwisha kuvaa majoho na kupigwa picha na wazee wao, walikataliwa usajili, na shauri lao likapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka likafika Mahakama ya Upeo. Hebu fikirini miaka hiyo ya vijana wale ilipita vipi.

Kwa hivyo kabla ya kubishana kuhusu miji, ichukueni orodha ya kozi zinazotambuliwa na Bodi ya Wahandisi, ya mwaka huu na si ya mwaka aliosoma binamu, mtazame jina la kozi herufi kwa herufi. Tazameni hasa neno "teknolojia". Iko shahada ya uhandisi na iko shahada ya teknolojia ya uhandisi, na vyuo vyetu vya ufundi huzitoa zote mbili. Wanateknolojia wana bodi yao nyingine, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kazi yao ni ya heshima na wengi wao huajirika upesi, lakini aliyekusudia mlango mmoja akaingia wa pili kwa kutosoma neno moja, huyo amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni haraka yake mwenyewe.

Orodha hiyo ikiwa mkononi, sasa tuzungumze miji.

Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kikongwe. Uhandisi wake umeanzia kwenye Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956. Kampasi kuu iko mjini hasa, na Msikiti wa Jamia hauko mbali kwa miguu. Ubaya wake ni ubaya wa Nairobi: chumba cha kukodi ni ghali, na mwanafunzi aliyekosa bweni husukumwa mbali na chuo, akarudi usiku kwa matatu. Juja, kwenye barabara ya Thika, kipo chuo cha Jomo Kenyatta, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani, na ada ya mikono kuchafuka karakanani imebaki kuwa sifa yake. Mji wa Juja ni mji wa wanafunzi. Kila kitu ni karibu, na kila fitina pia ni karibu. Nyeri kipo chuo cha Dedan Kimathi, ambacho barua haikukitaja, nami nakitaja kwa kuwa wazazi wa Kiislamu hukiruka bila kukiuliza. Eldoret kipo Chuo Kikuu cha Moi, cha mwaka 1984. Lakini baba ajue kuwa kampasi yake kuu iko Kesses, mwendo kutoka mjini, na baridi ya huko haifanani na joto la Soin.

Kisha Mombasa. Hapa wasomaji wangu wataniwia radhi. Mama anadhani akimleta binti yake Mombasa amemkabidhi kwa dini. Mombasa ina misikiti, ina darsa za wanawake, ina shangazi. Ina pia muguka kwenye kona, na vijana wetu tunawazika kwa madawa, na binti aliyezaliwa bara akija hapa akiwa na dhana kwamba kila aliyevaa buibui ni mwenzake wa kheri atakuwa ameingia mawindoni. Adhana haimuamshi aliyeamua kulala. Nimewaona wasichana waliokuwa peke yao katika madarasa ya wavulana huko bara, wakatafutana, wakaanzisha halaka ya Qur'ani chini ya mti, na wakarudi na dini iliyo imara kuliko waliyoondoka nayo. Ikiwa kozi anayoitaka hapa Mombasa imetambuliwa, basi aje, na karibu sana. Ikiwa haimo katika orodha, shangazi kumi hawataiingiza.

Suala la safari ya mwanamke bila maharimu siwezi kulipita kimya, kwani hadithi sahihi zimekuja kwalo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mwanamke ameruhusiwa kwenda hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Baadhi ya wanachuoni wa zama zetu wamepanua ruhusa hiyo kwenye safari ya elimu ikiwa njia ni salama na makazi ni ya stara, na wengine wamebaki na katazo. Nyumba hii imejaaliwa njia nyepesi. Baba ni dereva, na barabara ya kwenda Mombasa humpitisha Nairobi kila juma. Na amchukue mwenyewe mwanzo wa muhula na amrudishe mwisho wake, amjue mwenye nyumba kwa uso, na bweni liwe la wanawake watupu. Akifanya hivyo ameondoka kwenye khitilafu.

Kuna fedha pia. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ninaposema riba sihitaji kuwaeleza zaidi. Msikimbilie kusema "dharura" kabla hamjagonga milango mingine: basari ya kaunti, basari ya eneo bunge, ukoo wa Likoni na ukoo wa Soin. Wanachuoni wengi wa leo wanajuzisha zaka kwa mwanafunzi fakiri wa elimu yenye manufaa, na Imamu Ghazali alikwisha kuuhesabu utabibu, hesabu na misingi ya ufundi kuwa faradhi ya kutosheleza, ambayo umma wote hupata dhambi ikikosa watu wa kuisimamia.

Maneno haya ya zaka nawageukia nayo watu wa pwani, kwa sababu wengi wamesahau chuo cha Tudor kilianzaje. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu. Waliokijenga ni Aga Khan, Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Harub, jamaa wa Kibohora na serikali ya kikoloni, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951 kusoma umeme, mitambo, useremala na ubaharia. Hakikuwekwa kwa ajili ya watoto wa Mombasa. Kiliwekwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima, ambao shule za zama zile ziliwaacha nyuma katika ufundi. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa watu wa kila dini na kila rangi, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu.

Chai ya Kericho hushuka Mombasa kuuzwa kwa mnada tangu mwaka 1969, na maghala yetu huipokea bila kuuliza ni ya nani. Watoto wa Kericho wakishuka hukuta chumba cha kukodi kimepandishwa bei siku wanayofika. Wenye nyumba za Tudor, Majengo na Sparki waliosoma barua hii, walio na chumba salama cha wasichana wawili au watatu kwa bei isiyoumiza, na wawaachie majina yao maimamu wa misikiti yao kabla ya mwezi wa Agosti, wanafunzi wapya wanapoanza kuripoti. Na walio na jamaa Juja, Nairobi au Kesses wawapigie simu juma hili, waulize kama kuna kina mama wa Kiislamu karibu na chuo walio tayari kumpokea binti mgeni kwa futari na kwa Idi.