Kufungasha Msimbo Chanzo wa Zana za Kiswahili: Kutoka make hadi make distcheck

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi msimbo chanzo wa zana za lugha unavyofungashwa kwa ajili ya kusambazwa, kwa kutumia zana za GNU zinazoendeshwa kwa mstari wa amri. Hoja yake kuu ni kwamba zana ya lugha haijachapishwa mpaka kifurushi chake kijengwe na kujaribiwa nje ya saraka ya mtafiti aliyeiunda. Mwishoni makala yanapendekeza vigezo vinavyoweza kuingizwa katika mikataba ya ufadhili wa utafiti.

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea mtafiti mwenzangu wa nchi jirani kichanganuzi cha mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili nilichokitumia katika utafiti wangu. Niliibana saraka nzima, nikaituma kwa baruapepe. Siku ya pili alinijibu kwamba programu imejengeka bila hitilafu, lakini haitambui hata kitenzi kimoja. Faili la mizizi ya vitenzi lilikuwa katika saraka nyingine ya kompyuta yangu, na programu ilikuwa ikilisoma huko bila mimi kukumbuka. Kosa lilikuwa langu. Uzito wake ni kwamba majedwali niliyokwisha kuyachapisha hayakuweza kuhakikiwa na mtu mwingine yeyote.

2. Msimbo chanzo wa zana ya lugha ni upi?

Toleo la pili la Leseni ya Umma ya GNU, la mwaka 1991, linaufasili msimbo chanzo kuwa ni umbo la kazi linalopendelewa na mtu anayetaka kuirekebisha. Kwa fasili hiyo, msimbo chanzo wa zana ya lugha unavuka mipaka ya mistari ya programu. Mfano ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayosambazwa pamoja na LibreOffice. Kiini chake ni mafaili mawili: sw_TZ.dic, lenye maneno, na sw_TZ.aff, ambalo katika mfumo wa Hunspell ndilo mahali pa kanuni za viambishi. Injini ya Hunspell yenyewe hutumika pia kwa Kihangari na lugha nyingine nyingi. Kinachoifanya ikague Kiswahili ni mafaili hayo mawili.

Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Neno hawatatupigia lina mofimu saba: ha-wa-ta-tu-pig-i-a. Kichanganuzi kinachopokelewa bila orodha ya mizizi, au bila kanuni za mfuatano wa viambishi, hakiwezi kulifikia neno hilo. Kwa hiyo leksikoni, kanuni na sentensi za majaribio ni sehemu ya msimbo chanzo, na ni lazima zisafiri pamoja nao.

3. Kutoka make hadi make dist

Programu ya make iliandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Husoma faili liitwalo Makefile, linaloeleza kila zao linatokana na mafaili gani, kisha hujenga upya yale tu yaliyoathiriwa na mabadiliko. Autoconf na Automake zilijengwa juu ya msingi huo. Mtafiti huandika mafaili mawili mafupi: configure.ac, linalotaja jina la zana na nambari ya toleo, na Makefile.am, linaloorodhesha vipengele vyake. Kisha hutoa amri tatu:

autoreconf --install
./configure
make dist

Zao lake ni faili moja, kwa mfano kichanganuzi-1.0.tar.gz. Nambari ya toleo katika jina hilo humwezesha msomaji wa makala ya utafiti kujua matokeo yalipatikana kwa zana ipi hasa. Mpokeaji hahitaji kuwa na Autoconf wala Automake, kwa kuwa hati ya configure imo ndani ya kifurushi.

Hapa pana mtego unaowanasa wanaisimu. Mafaili ya programu yaliyoorodheshwa chini ya _SOURCES huingizwa kifurushini yenyewe. Mafaili ya data yaliyoorodheshwa chini ya _DATA husakinishwa, lakini hayafungashwi mpaka yapewe kiambishi awali dist_. Mstari unaofaa ni huu:

dist_pkgdata_DATA = mizizi.txt kanuni.txt

Katika programu nyingi data huwa zao tu la hatua za ujenzi, na kuiacha nje hakuna madhara. Katika isimu, data ndiyo kazi ya miaka mingi ya mtafiti.

4. Jaribio la make distcheck

Amri ya make distcheck huunda kifurushi, kisha hukitendea kama mgeni angekitendea. Hukifungua katika saraka mpya, huifanya saraka hiyo isomwe tu bila kuandikwa, hujenga zana mahali pengine, huendesha majaribio, huisakinisha katika saraka ya muda, kisha huiondoa na kuhakiki kwamba hakuna kilichosalia. Hatua mojawapo ikishindwa, amri husimama na kutoa taarifa. Kama mimi ningeandika jaribio moja tu la kuchanganua hawatatupigia na kuendesha amri hii, kasoro ya faili la mizizi huenda ingeonekana kabla ya barua kutumwa.

Nasema huenda kwa sababu jaribio hili lina mipaka. Linaendeshwa katika kompyuta ileile ya mtafiti. Programu inayosoma faili kwa njia kamili ya saraka yake, au inayotegemea maktaba iliyokwisha kusakinishwa humo, inaweza kupita. Kwa sababu hiyo jaribio la mwisho lifanywe katika kompyuta nyingine isiyo na mafaili ya mradi.

Mpaka wa pili ni wa kisheria. Katika hali yake ya kawaida, automake ikiendeshwa kwa chaguo la --add-missing na kukosa faili la COPYING, huweka yenyewe nakala ya Leseni ya Umma ya GNU toleo la tatu. Mradi wenye matini zinazomilikiwa na wachapishaji unaweza hivyo kusambazwa pamoja na leseni ambayo hakuna mtu aliyeiamua.

5. Hitimisho na mapendekezo

Taasisi zinazofadhili zana za Kiswahili kwa kawaida hudai ripoti. Makala haya yanapendekeza zidai pia mambo matatu: kifurushi chenye nambari ya toleo kilichopita make distcheck, au jaribio linalolingana nalo katika mfumo mwingine wa ujenzi, uthibitisho kwamba kilijengwa na mtu wa taasisi nyingine katika kompyuta yake, na leseni iliyoamuliwa kwa maandishi kwa programu na kwa data. Gharama ya masharti haya ni siku chache za kazi. Bila masharti hayo, mtafiti wa Bujumbura au Kampala anayetaka kuendeleza kichanganuzi kilichoundwa Dodoma atalazimika kuanza upya kukusanya mizizi ya vitenzi vilevile.