Jero ya Getini

Mbane dogo yeyote wa kidato cha pili hapa Moro kwenye mambo ya mlo kamili, atakushushia nondo mpaka uombe poo. Madini ya chuma, vitamini A, protini, vyote kakremu maana pepa linamngoja. Kengele ya mapumziko ikilia, huyoo, anachomoka kwenda getini na jero mkononi, nondo zote kaziacha juu ya dawati.

Juzi kati nilikuwa nasubiri boda nje ya skonga moja pande za Kihonda, nikawa nawachora. Kulia, jamaa wa kiepe: mafuta meusi tii, chipsi anafunga kwenye karatasi ya daftari la mtu, mwandiko bado unasomeka. Kushoto, mama wa Kiluguru na beseni lake: ndizi mbivu, mananasi, mafyulisi ya Mgeta. Mzigo umeshuka Uluguru alfajiri, ungali na ubaridi wa mlimani. Foleni iko wapi? Kwa kiepe.

Nikambana dogo mmoja. Akacheka: "Braza, ndizi si zipo home? Ukionekana unakula ndizi hapa, wana wanajua umefulia."

Hapo ndo nikashtuka. Tunakesha tunawapa madogo somo, kumbe somo wanalo. Ile jero inanunua heshima kwanza, tumbo baadaye. Na Moro matunda yanamwagika kila kona. Ukimenya ndizi, nani atakugeukia? Kiepe kina harufu yake, na enaji ukiishika mkononi unajiona mtu mzima.

Mimi mwenyewe sina haki ya kuwacheka. Enzi zangu, siku ya dawa za minyoo na kichocho, ticha alitangaza wiki nzima: mle kabla ya kuja. Kichocho nilikuwa nakijua chote, mpaka safari ya yule mdudu kutoka kwa konokono wa majini hadi anapenya ngozi ya anayeoga mtoni. Ila uji asubuhi? Mambo ya watoto. Nikasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu, kadiri ulivyo mrefu ndivyo vidonge vinavyoongezeka, na mimi nilikuwa mlingoti. Umekula? Nikazuga nimekula. Muda si mrefu niko nyuma ya choo, nimekumbatia mwarobaini, natapika, wana wananihesabia.

Masista nao ni yale yale. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchi nzima 2018, na mwaka 2024 ikawa sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Faida zake wanakutajia fresh. Anayewatoa nduki ni shosti aliyenong'ona kwamba inaua uzazi, stori ya uongo mtupu, ila shosti ni shosti.

Wiki iliyofuata nikapita tena pale getini. Yule mama wa Kiluguru kachezea akili watu! Kaja na binti yake, embe bichi na nanasi vimekatwa vipande, vimepangwa kwenye vikombe, chumvi na pilipili juu, kijiti kimechomekwa. Kikombe jero, na ndani hata nusu embe haifiki. (Chumvi nayo ina kesi yake, leo tuikaushie.) Wamejaa hao, mpaka jamaa wa kiepe kasogea kuchungulia. Dogo wangu yule yule yuko mbele kabisa, midomo inawaka, kamasi zinamtoka, ananyoosha kikombe: "Maza, ongeza pilipili!"