Daftari la chama likionyesha #VALUE!, usilinyamazishe

Desemba iliyopita tulikuwa Kikima, kule juu kwenye milima ya Mbooni, tukiongea na wateja wetu kuhusu kukusanya michango kwa simu. Tulijua tutaulizwa habari za PIN na pesa iliyotumwa kwa namba isiyofaa, na kweli tuliulizwa. Lakini swali lililotukalisha karibu saa mbili lililetwa na mweka hazina wa chama kimoja cha akina mama. Alikuja na karatasi mbili zilizoprintiwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

Chama chao kina wanachama 24. Kila mmoja anachanga shilingi 1,000 kwa mwezi, na baada ya miezi 10 wanagawana. Hapo huhitaji kompyuta: ni 240,000. Kwenye akaunti zilikuwepo 240,000. Lakini daftari, ambalo siku hizi ni jedwali la Excel, lilisema 234,000, na lilimtaja mwenye deni: mama mmoja aliyeonekana amelipa 4,000 tu. Kwa katiba yao, mwenye deni hapati mgao.

"Mimi nimelipa yote," mama alisema. Wenzake wakaanza kuangaliana. Wengine wakamgeukia mweka hazina: kama huyu hajalipa, hizi 6,000 zilizozidi kwenye akaunti ni za nani? Huku Ukambani kazi ya kikundi si jambo la jana. Mwethya umechimba matuta kwenye mashamba ya miteremko hii tangu zamani, na kushukiwa na watu uliochimba nao si kitu cha kucheka.

Tulifungua faili lenyewe. Hakuna aliyeiba.

Mama huyu hutuma mchango wake jioni baada ya kufunga kibanda. Kuanzia mwezi wa tano, michango ya jioni ilikuwa ikiandikwa na binti wa mweka hazina. Naye binti aliandika "1,000/=", vile sisi sote tunaandika kwenye risiti. Kwa macho yako hiyo ni elfu moja. Kwa Excel hayo ni maneno, kama vile umeandika "mahindi". Na fomula ya jumla ilikuwa imeandikwa kwa alama ya kujumlisha, kisanduku baada ya kisanduku. Excel ikiambiwa ijumlishe 1,000 na "mahindi" inakataa, na inakuandikia #VALUE! pale jumla ingekuwa.

Kwa hivyo onyo lilitokea tangu mwezi wa tano. Mweka hazina aliliona, likamsumbua, akapeleka faili saiba ili "liondolewe". Kijana wa pale akabadilisha fomula akaweka SUM, na #VALUE! ikatoweka. Hakuwa na nia mbaya. Shida ni kwamba SUM ikikutana na maneno ndani ya safu ya namba huyaruka bila kusema neno. Ilijumlisha miezi minne iliyoandikwa vizuri, ikaacha sita, ikatoa 4,000 safi kabisa. Ile #VALUE! iliyochukiwa ndiyo ilikuwa inasema ukweli.

Tuliomba simu ya mama. SMS zote sita za kuthibitisha malipo zilikuwepo, na tarehe zake. Tukafuta "/=" kwenye vile visanduku sita, na mstari wake ukasoma 10,000.

Kuna njia ya kuliona tatizo hili hata kama hujui fomula: angalia namba zimeegemea wapi. Kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, Excel husukuma namba upande wa kulia na maneno upande wa kushoto. Elfu moja iliyoegemea kushoto ni ya kushuku. Ikiwa unataka neno "Ksh" lionekane, liweke kwenye kichwa cha safu, si ndani ya kisanduku.

Hitilafu nyingine nazo zina maana zake. #REF! inamaanisha fomula inatafuta kisanduku ambacho mtu amekifuta, mara nyingi mwanachama akitoka kwenye chama na mstari wake ukafutwa. Usiendelee kuandika juu yake, rudisha nakala ya jana. #NAME? ni fomula iliyoandikwa vibaya, au programu uliyonayo haiijui. #DIV/0! ni kugawanya kwa sifuri: umeweka fomula ya mgao kabla ya kujaza idadi ya watu. Na zile ##### hata si kosa, safu ni nyembamba tu, ipanue. Tahadhari yetu kubwa ni kwa fomula inayoanza na IFERROR. Hiyo huambiwa, "ukikosea, onyesha hiki badala yake", na watu wengi huweka sifuri. Sasa fikiria sifuri kwenye jina la mtu aliyelipa. Ukiitumia, mwambie ionyeshe neno "ANGALIA".

Hayo ni makosa ya hesabu. Kuna onyo la aina nyingine, na hili linagusa pesa yako moja kwa moja.

Faili linaweza kubeba makro, yaani programu ndogo iliyofichwa ndani ya hati. Makro nzuri zipo. Kuna chama kitabonyeza kitufe kimoja na risiti za mwezi zikajipanga. Lakini makro ikiruhusiwa inaweza kufanya mengi kwenye kompyuta kuliko kujumlisha. Machi 1999, hati ya Word yenye makro iliyoitwa Melissa ilizunguka dunia kwa barua pepe: ukiifungua, inajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha ya anwani zako. Ndiyo maana Excel huonyesha mstari wa njano wenye kitufe cha "Enable Content" na kukungoja. Tangu 2022 Microsoft ilienda mbali zaidi: faili lililotoka kwenye intaneti linapata mstari mwekundu, na makro zake zinazuiwa kabisa.

Ukikutana na mstari huo, jiulize nani amekutumia. Kama ni katibu wenu, mpigie simu (usimwandikie WhatsApp, huenda akaunti imeshikwa) umuulize kama alituma na hiyo makro inafanya nini. Kama ni namba usiyoijua inayodai kukuletea "taarifa ya mkopo", funga na ufute. Kusoma namba zilizoandikwa hakuhitaji makro, kwa hivyo hati inayokuambia "ruhusu ndipo uone" inakudanganya.

Kwenye simu, Excel haiendeshi makro kabisa. Matapeli wanajua, kwa hivyo hutumia njia tofauti: wanatuma kitu chenye jina kama "Taarifa ya Akaunti PDF", na mwisho wa jina kuna herufi .apk. Hiyo si hati. Ni programu. Ukiibonyeza, Android inakuonya kwamba simu yako haijaruhusiwa kuweka programu kutoka hapo. PDF ya kweli hufunguka tu. Haiombi kuwekwa kwenye simu, na haiombi ruhusa ya kusoma SMS zako.

Na taarifa tunayokutumia sisi? Inakuja ikiwa imefungwa, na itakuuliza kodi tuliyokutumia kwa SMS. Hiyo si hitilafu, ni kufuli. Lakini hakuna hati yetu itakayokuuliza PIN yako ya kutolea pesa.

Kama tayari umeruhusu kitu usichokijua, zima data na Wi-Fi kwanza. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine, hata mulika mwizi inatosha, kisha ubadilishe PIN ukiwa huko. Halafu tupigie kabla ya kurudisha laini kwenye ile simu ya kwanza.