Somo la Redio: Baiskeli Penye Kona

Ketini karibu na redio, kila mtu na daftari lake. Leo twajifunza namna ya kuipitisha baiskeli penye kona.

Nyote mwaijua barabara itokayo Iringa, ikapita Idodi kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mji wa Iringa uko juu, kiasi cha mita 1,500 toka usawa wa bahari. Idodi iko chini. Baiskeli yenye gunia la mpunga kwenye keria, ikishuka mteremko wenye changarawe, hukimbia yenyewe. Hapo ndipo kona huvunja watu mikono, na chakula cha nyumbani humwagika njiani.

Kwa nini mtu huanguka? Mpira wa baiskeli una nguvu ya kushika ardhi, nayo ina kiasi chake, kama maji ya mfereji wa mashamba yetu ya mpunga. Ukiyafungulia yote shamba moja, la jirani hukauka. Vivyo hivyo, ukibana breki kwa nguvu katikati ya kona, mpira huitumia nguvu yake yote katika kusimama, isibaki ya kupinda. Gurudumu hujifunga, huteleza, nawe uko chini. Kwa hiyo funga breki kabla ya kona, baiskeli ingali imenyooka, ukiingia, iachie. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, lakini penye mchanga ibane polepole, maana gurudumu la mbele likiteleza ni vigumu kuliokoa.

Sasa hesabu. Mwendo ukiwa mara 2, nguvu inayotakiwa kuipindisha baiskeli katika kona ile ile huwa mara 4. Mwendo ukiwa mara 3, huwa mara 9. Vijana wetu wanaoshindana mteremkoni waiandike hesabu hii kwa herufi kubwa.

Miguu nayo ina kazi. Kona ikienda kushoto, shusha mguu wa kulia mpaka chini, uikanyage pedali kwa uzito wako. Pedali ya ndani ikiwa juu haitagonga ardhi. Macho yatazame pale unapotaka kutokea. Anayelikodolea macho shimo mara nyingi huliingia.

Ufaransa wako watu waliofanya shida hii kuwa mchezo. Hushindana kwa baiskeli katika matope, mchanga na majani. Mchezo huo huitwa saiklokrosi. Mashindano ya taifa ya kwanza yalifanyika huko mwaka 1902, yakiandaliwa na Daniel Gousseau. Mwaka 1950 yakafanyika ya dunia mjini Paris, akashinda Jean Robic. Watu hao hupunguza upepo katika mipira ili ishike vizuri mchanga. Sisi wenye magunia tusiwaige katika hilo: mpira laini chini ya mzigo hubonyea, rimu ikagonga jiwe na kukata tyubu. Lakini jambo lao moja latufaa sana. Pakiwa pabaya hushuka, wakabeba baiskeli begani na kukimbia. Mabingwa wa dunia hushuka. Basi wewe mwenye gunia waona haya gani kushuka na kukokota?

Mzigo ufungwe kwa kamba imara, usichezecheze. Ukimpakia mtoto, mwambie mapema alale upande mmoja na wewe. Mtoto akiogopa hujivuta upande wa pili, na baiskeli hugoma kupinda.

Kona ya kulia msiikate kwa ndani, hata njia ikionekana tupu. Shikeni kushoto, maana magari ya watalii huja na vumbi lake.

Mvua ikinyesha, rimu hulowa na breki huchelewa kushika. Zigusegusezeni mapema ili zifute maji.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: kona, breki, keria, mteremko. Kisha kila mmoja aandike sentensi 3 juu ya kona anayoiogopa kuliko zote katika njia yake ya kila siku, na aeleze atafunga breki wapi. Juma lijalo mwalimu wa darasa atazisoma. Kwa herini.