Kwa Nini Jirani Alipata Fedha za Ukame na Mimi Nikakosa?

Swali hili hutukuta nje ya kanisa baada ya Misa, tunapotumwa kwa kazi ya kichungaji katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Wanaouliza ni wafugaji waliopoteza mbuzi na ng'ombe, na mara nyingi wana jibu lao tayari: chifu amezila. Inawezekana. Lakini kabla hatujalibeba jibu hilo hadi mimbarini, yafaa tujue fedha hizi hutoka vipi.

Marsabit, pamoja na Turkana, Wajir na Mandera, ni kati ya kaunti nne za kwanza kuingia katika mpango wa serikali uitwao HSNP, ulio chini ya mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame, NDMA. Katika awamu iliyoanza 2013, familia ziliandikishwa na kupangwa kwa kiwango cha umaskini. Zile maskini zaidi, kama 100,000 katika kaunti zote nne, zililipwa kila miezi miwili kupitia benki, mvua inyeshe isinyeshe. Nyingine nyingi zilifunguliwa akaunti pia, ila akaunti hizo hungoja ukame mkali.

Na nani husema ukame umekuwa mkali? Si chifu wala mbunge. Ni setilaiti, inayopima ukijani wa nchi na kuulinganisha na miaka iliyopita. Kipimo kikishuka chini ya 20 katika kaunti ndogo, ukame ni mkali. Chini ya 10, umekithiri, na wanaolipwa huongezwa.

Hapo ndipo mtu anaweza kukosa bila yeyote kuiba. Kaunti ndogo ya North Horr peke yake ni kubwa kuliko kaunti nyingi za Kenya. Mvua ikinyesha upande mmoja, wastani hupanda, na wa upande mwingine huzika mifugo yao bila kulipwa. Tena setilaiti huona kijani tu. Haijui kama mbuzi wanakila. Kuna na orodha yenyewe. Aliyekuwa na mifugo mingi siku ya kuandikishwa anaweza kuwa alimaliza yote katika misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022. Orodha ya zamani bado inamwita tajiri. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lalamiko zito kuliko yote, na halimhusu chifu.

Bima ya mifugo, iliyoanza kujaribiwa Marsabit mwaka 2010, hutumia setilaiti vivyo hivyo na ina udhaifu uleule. Hata hivyo wazo la bima si geni kwetu: Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa 1961, alitaka wakulima wawe na bima ya mazao, na nyingine kwa ajili yao na familia zao.

Matendo ya Mitume sura ya 6 yanatuonyesha manung'uniko kama haya: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea kazi ilikabidhiwa kwa upande uliosahauliwa.

Katika jumuiya ndogondogo, basi, tumzoee mlalamikaji kwa maswali mepesi. Jina lako liliandikishwa? Malipo ya jirani yalikuwa ya kila mara au ya dharura? Nambari ya kitambulisho iliyo benki ni sawa na ya kadi yako? Kama hukuandikishwa, lalamiko liende NDMA, kwa maandishi, na katekista anaweza kusaidia kuandika. Kama benki inaonyesha fedha ziliingia na wewe hukuzishika, huo ni wizi, na paroko asiogope kufuatana nawe hadi polisi.