Picha ya vita ni shahidi, lakini ihojiwe kwanza

Wengi wetu tumewahi kuletewa kwenye simu picha ya mabaharia wa Kiingereza wamesimama kando ya mzinga waliouteka mbele ya kasri ya Zanzibar, na chini yake maneno: "Vita vya dakika 38." Picha ni ya kweli. Suali ni, inathibitisha nini?

Tarehe 27 Agosti 1896, mwendo wa saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri alimokuwa Sayyid Khalid bin Barghash. Alikuwa ameishika siku mbili kabla, alipofariki Sayyid Hamad bin Thuwaini. Upande wa Khalid, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Sasa itazame picha tena. Mabaharia wametulia, wamejipanga. Basi ilipigwa baada ya mizinga kunyamaza, na walioshinda ndio waliosimama mbele ya kamera. Wale 500 hawamo. Anayetegemea picha hii peke yake atadhani yalikuwa mchezo. Hivyo suali la kwanza ni: nani hayumo?

Suali la pili: ilipigwa lini? Usiyaamini maneno ya chini, tazama vilivyomo. Kabla ya vita, mnara ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib. Makombora yaliuvunja, na katika matengenezo ya 1897 mnara wa saa ukajengwa ukishikana na jumba. Kwa hiyo ukiletewa picha yenye mnara ulioshikana na jumba, nawe ukaambiwa ni ya kabla ya vita, jua si kweli. Kadhalika meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini siku hiyo, lakini milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji hadi mabaki yalipoondolewa 1912. Picha yenye milingoti hiyo ni ya kati ya miaka hiyo.

Suali la tatu: je, kuna mkono wa mtu? Mwaka 1855, katika vita vya Crimea, Mwingereza Roger Fenton alipiga picha mbili za bonde moja. Katika moja, barabara ni tupu na tufe za mizinga zimelala pembeni. Katika nyingine, tufe zimetapakaa barabarani. Waliozilinganisha waliona vijiwe vilivyoporomoka kidogo mteremkoni kati ya picha ya kwanza na ya pili, wakajua ile ya barabara tupu ndiyo iliyotangulia. Vita vilikuwapo, lakini zile tufe za barabarani kuna aliyeziweka. Tungekuwa na picha moja tu, tusingegundua.

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwenu kuna sanduku lenye picha za zamani. Kabla ya kuzituma, muulize bibi au babu: ni nani hawa, ni wapi, picha ilifikaje kwetu? Andika majibu nyuma kwa penseli, pamoja na jina la aliyekueleza. Na usiikate picha pembeni ili ipendeze. Huenda ule mlingoti uko hapo hapo.