Mkwinini wa Amani hauchunwi mwezi wowote

"Mtaalamu, magome ya mkwinini kule Amani yachunwe mwezi gani ili yawe na nguvu?" Naulizwa hivi kila msimu, na jibu ni lile lile: hakuna mwezi. Anayepanda Usambara Mashariki kutokea Muheza apande kutazama mimea, kisu akiache nyumbani.

Najua imani hii, kwamba magome hayo yanatibu malaria, ilikotoka. Wajerumani walianzisha bustani ya Amani mwaka 1902, wakaotesha humo mikwinini, miti yenye asili ya milima ya Andes. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walichemsha magome yake na kunywa. Basi watu husema, kama yaliwafaa wale, yatatufaa na sisi. Lakini wale walikunywa kwa sababu Waingereza walikuwa wameziba bahari na vidonge vya kwinini vilikuwa adimu. Dhiki haigeuki kuwa kipimo cha dawa.

Na kipimo ndicho kiini cha jambo lenyewe. Kiasi cha kwinini, dawa ya malaria iliyomo gomeni, hutofautiana kwa aina ya mkwinini, kwa umri wake, hata kwa miti miwili iliyosimama bega kwa bega. Kule Java, Waholanzi walilazimika kupima magome maabara ndipo wajue mti upi wa kuzalisha. Wewe na sufuria yako utajuaje? Usiniambie utajua kwa uchungu! Gome lina kemikali nyingine chungu vilevile, mojawapo kwinidini, ambayo huvuruga mapigo ya moyo. Kikombe kikiwa hafifu, vimelea vya malaria vinabaki damuni na mgonjwa anazidiwa huku akidhani anatibiwa. Kikiwa kikali, masikio yanavuma, macho yanafifia, na moyo unaweza kusimama. Mtoto ndiye anayeangamia upesi zaidi, na ndiye anayenyweshwa kwanza.

Mti nao una yake. Gome likibanduliwa, upande wa ndani uliokuwa mweupe hugeuka mwekundu hewani. Wapo wanaoona rangi hiyo wakasema "dawa imekolea". Hiyo ni hewa tu. Ukilichuna kuzunguka shina lote, umekata njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Mizizi inakufa njaa, na mti unaifuata polepole.

Sasa majira ya kwenda, maana hilo ndilo lililostahili kuulizwa. Januari na Februari mvua hupungua, njia hukauka kiasi, na anayetembea na wazee au watoto aende wakati huo. Machi hadi Mei ni masika: msitu unapendeza kuliko wakati wowote, barabara ya mlimani inateleza, usipande na gari dogo. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu; beba sweta, na usitegemee kuona mbali. Oktoba hadi Desemba ni vuli, tembea asubuhi. Ua la Usambara, lile la zambarau ambalo dunia nzima inalipanda vyunguni, litafute kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, ulipige picha, uliache hapo hapo. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji wa pale: anaijua miti kwa majina.

Homa ikikushika baada ya safari, nenda kituo cha afya upimwe siku hiyo hiyo. Ikiwa ni malaria isiyo kali utapewa dawa mseto. Imalize yote, hata kama siku ya pili umeshaamka mzima.